Ulezi Unaoota

Mama yangu haamini hamira. Ukimwambia kuna watu hapa mjini wanachachusha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwa hamira ya dukani anakutazama kama umemtukana. Hamira ni ya maandazi, anasema. Chachu yake yeye imo kwenye pipa la mti alilopewa na bibi kule Kibosho, pipa ambalo halijaguswa na sabuni tangu lichongwe. Linasuuzwa kwa maji, linaanikwa, basi. Chachu imelala ndani ya mbao, ukiimwagia maji ya ndizi inaamka yenyewe. Kwa hiyo wakwe zangu watarajiwa, watu wa Rombo, walipotuma habari kwamba watakuja kujitambulisha na kreti za bia, mama aliapa kuwa nyumbani kwake, mtaa wa Gerezani, hawataondoka bila kunywa mbege ya Josepha, yaani yake mwenyewe.

Ndizi alizichagua mwenyewe sokoni Kariakoo, moja moja, akiziminya mpaka wauzaji wakanuna. Magome ya msesewe, yale yanayoipa mbege uchungu wake, yalikuja na basi la Moshi. Ulezi ndio uliomtesa. Mbege inataka ulezi ulioloweshwa ukachipua, kisha ukaanikwa na kusagwa, na ule wa kwanza ulikaa kwenye gunia bichi ukanuka tu, hata jino moja haukutoa. Mama alifunga kilemba kwa hasira akaingia mitaani, duka kwa duka, akiuliza swali moja: mna ulezi unaoota? Akaupata. Ulichipua kwa fujo. Maji ya kulowekea yalitoka mekundu, naye akayasifia, akasema huo sasa ndio ulezi wenye damu.

Siku ya wageni ilipofika nilitumwa soda za majirani wasiokunywa pombe. Nikiwa na gauni la kushonesha na kandambili miguuni, nikapitia kwa Zulekha. Tumesoma wote shule ya msingi. Kwao ni Lindi, na wana duka la pembejeo: mbegu, mbolea, mabomba ya kupulizia.

"Mambo, bi harusi?"

"Poa. Wewe mbona hujafunga duka? Wageni wameshafika."

"Nafunga sasa hivi, shosti. Eti, shamba la mama limeshaota?"

"Shamba gani?"

"Si alikuja hapa anataka ulezi unaoota? Nikajua mmepata eneo huko Kigamboni. Nikampimia mbegu, akaweka kwenye kikapu chake."

Nilicheka. Nilikuwa bado nacheka nilipoliona gunia nyuma yake, mdomo wazi, na chini pamechorwa fuvu na mifupa miwili. Nikanyoosha mkono nichote. Zulekha akanipiga kofi mkononi.

"Usishike, Jack! Ina dawa hiyo, ndiyo maana nyekundu. Mchwa wenyewe hawaigusi."

"Ulimwambia mama?"

"Nilimwambia si ya uji. Akasema hapiki uji."

Na kweli hapiki uji. Nilimtazama Zulekha, naye akanitazama, na nikaona jinsi jambo lenyewe lilivyokwenda. Kwao ulezi ukitafutwa uote, ni wa kupandwa. Kwetu ulezi ukitafutwa uote, ni wa pombe. Hakuna hata mmoja aliyeona sababu ya kumuuliza mwenzake.

"Ni wa mbege," nikasema. "Ameshaipika. Wanakunywa leo."

Zulekha alishika meza. Nikampigia mama. Simu iliita mpaka ikakata. Nikampigia Tarsis, mchumba wangu. Imezimwa, maana baba yake hataki simu zilie mbele ya wazee. Nikaacha soda pale pale nikakimbia.

Sijui kama umewahi kukimbia Kariakoo siku ya Jumamosi. Hukimbii, unasukumana. Mkokoteni wa mizigo ulinizibia njia, mmachinga akanivuta mkono nijaribu viatu, nikamtukana tusi ambalo mama angenichapa. Kila niliyempita alikuwa hai na anacheka, na mimi kichwani nilikuwa nimeshawalaza wakwe zangu wote kwenye mkeka, mmoja mmoja. Mzee Kasmir, baba yake Tarsis, na presha yake. Shangazi zake. Tarsis mwenyewe, ambaye angekunywa nyingi makusudi ili mama ampende. Nilivuka njia ya mwendokasi bila kuangalia. Basi likapiga honi nyuma ya mgongo wangu, na wala halikunitisha, kwa sababu hofu yote niliyokuwa nayo ilikuwa imeshapata kazi.

Nilikuta wamekaa uani chini ya turubai. Pipa liko katikati. Mama amepiga magoti na kata mkononi, imejaa, povu linashuka pembeni. Anataka kuonja mbele yao, kama ilivyo desturi, ili mgeni ajue kinywaji ni salama.

"Mama, usinywe!"

Kila mtu akageuka. Kandambili moja sikuwa nayo tena.

"Jacqueline," mama akasema kwa ile sauti ya chini. "Wasalimie wazee."

"Shikamooni. Mama, ule ulezi ni mbegu. Ni ya kupanda, imetiwa sumu. Zulekha ameniambia sasa hivi."

"Ulezi nimeuchagua mimi kwa mkono wangu." Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya wageni. "Mtoto ana wasiwasi wa siku yake. Mtusamehe."

Akainua kata.

Sikufikiri. Niliipiga kata ikaruka, kisha nikalikumbatia pipa nikalilaza. Mbege yote ilimwagika uani, ikapita kwenye viatu vya wazee, ikaingia mtaroni. Shangazi mmoja wa Tarsis akasema, "Yesu wangu." Baba yake mkubwa akaniuliza kama nina pepo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye tope lile tamu, nalia na kucheka, nikirudia neno moja: hakuna aliyekunywa, hakuna aliyekunywa.

Mzee Kasmir hakupiga kelele. Alivuta viatu vyake pembeni, akanitazama mimi, kisha akamtazama mama.

"Mama Jack," akasema polepole. "Sisi sote hapa tumelelewa na wapika mbege. Hakuna anayeipika bila kuonja. Wewe umeonja tangu lini?"

Ndipo nikamwona mama yangu vizuri. Jasho lilikuwa limemlowesha kilemba. Mate yalikuwa yanamchuruzika pembeni ya mdomo, naye anayafuta kwa kanga kana kwamba ni kitu cha kawaida, kana kwamba amekuwa akiyafuta tangu asubuhi.

"Jana, wakati wa kuchanganya," akasema. "Na alfajiri. Na tena leo, kabla hawajafika. Uchungu ulikuwa haujakaa sawa."

Tarsis alimbeba mpaka kwenye bajaji. Njia nzima ya kwenda hospitali, Upanga, nilimshika mikono, na mikono ile ilikuwa inarukaruka yenyewe kama samaki kwenye beseni. Nilimwomba Mungu kwa maneno ya ovyo, bila adabu. Nilimwambia achukue harusi, achukue chochote. Mama alifumbua macho mara moja tu, akasema niwaambie wageni waanze kula, chakula kitapoa.

Walimtia sindano, wakamwekea dripu, wakatuambia tusubiri. Tulisubiri. Mzee Kasmir alikaa na mimi kwenye benchi na viatu vyake vinanata. Kesho yake mchana daktari akaturuhusu tumwone.

Mama alikuwa mdogo kitandani. Sikujua mama yangu ni mdogo hivyo.

"Walikunywa?"

"Hapana, mama. Hata mmoja."

Akapumua. Akafumba macho, nikadhani amelala, nikaanza kulia kwa raha.

"Na pipa?"

"Lipo," nikasema. Na kweli lipo. Liko juani uani, jeupe ndani. Nililisugua asubuhi ile pamoja na Zulekha, kwa sabuni, maji ya moto na brashi ya chuma, yeye akilia na mimi nikilia, mpaka mbao zikaacha kunuka ndizi.

Mama akauvuta mkono wangu taratibu, akauleta puani. Akaunusa. Kisha akaulaza kifuani kwake, akageuza uso ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu haya yaanze, akalia.