Bibi Chen Anatembezwa Maskati

Masomo ya Safia huko Guangzhou, Uchina, yalikuwa yamekwisha, na viza yake nayo ilikuwa inakata roho. Asipopata kazi mwezi ule, anafunga virago na kurudi Unguja na shahada yake ya utalii ndani ya bahasha. Kazi iliyopatikana ilikuwa moja tu, na ilikuwa mikononi mwa Bibi Chen, mama mfupi mwenye kampuni ya kuwatembeza wastaafu wa Guangzhou nchi za nje. Wazee wake walikuwa wanamng'ang'ania awapeleke Maskati. Yeye mwenyewe hajafika huko, na alikuwa na sharti lake: hauzi mji mpaka asimuliwe, auone kwanza hali amekaa kitini.

"Nitembeze," alimwambia Safia kwenye simu. "Nikiuona, kazi yako. Nisipouona, tusisumbuane."

Mji Safia aliujua. Alikaa Matrah, mtaa wa bandarini wa Maskati, kwa shangazi yake mwaka mzima. Alichokosa ni mahali pa kuutandaza. Ndipo alipomwendea ami yake, Nassor, mfanyabiashara mwenye ofisi katika jengo la Tianxiu.

"Ofisi hii?" ami Nassor alishangaa. "Maboksi ya ndala yamefika darini, mwanangu!"

"Hayohayo ndiyo ninayoyataka, ami. Maskati imezungukwa na majabali."

"Haya. Lakini kahawa niachie mimi. Mgeni kutembezwa Maskati mdomo mkavu? Aibu gani hiyo!"

Kahawa ya ami Nassor ilikuwa na jina mtaa mzima wa Dengfeng. Inasemekana siku lifti ilipoharibika, mchukuzi mmoja alikunywa finjani mbili, akapanda ngazi na jokofu mgongoni, akapitiliza ofisi aliyotumwa, na waliomkuta juu ya paa walimkuta anatafuta ngazi nyingine.

Jumamosi asubuhi Bibi Chen akaja, akakaa katikati ya maboksi, mikono juu ya meza. Ami Nassor, kanzu imepigwa pasi, kofia ya Kiomani kichwani, akasimama ubavuni na dele la kahawa mkono wa kushoto.

Sasa, ami Nassor alilelewa kwenye nyumba za watu wa Maskati, na huko mwenye kumimina hakai. Anamimina kidogo, anangoja. Mgeni akitosheka hutikisa finjani, asipotikisa, anaongezewa. Bibi Chen naye alilelewa Guangzhou, ambako anayemiminiwa hushukuru kwa kugonga meza kwa vidole viwili, na aliyetosheka huacha kikombe chake kimejaa. Safia aliyajua yote mawili, lakini asubuhi ile kichwa chake kilikuwa Matrah.

"Tumeshateremka uwanja wa ndege," alianza kwa Kichina. "Kushoto majabali, hayana hata jani moja, rangi ya mkate ulioungua kidogo. Chini yake nyumba nyeupe, fupifupi, zimekaa kwa adabu kama watu wanaosubiri kuswali."

Bibi Chen akanywa, akatabasamu. Ami Nassor akamimina. Vidole viwili vikagonga meza: tk, tk.

Safia akavuta utepe wa kufungia mizigo, akaulaza sakafuni kwa kuupinda. "Hii ndiyo barabara ya pwani ya Matrah. Pale juu ya kilima pana chetezo, mama, kikubwa kama jengo!" Akawasha ubani. Akamwingiza sokoni, akamwonyesha majambia ya fedha na vitambaa vinavyoning'inia mpaka vinakupapasa uso. Akamweleza jinsi alivyobabaika siku ya kwanza kutafuta neno la Kiarabu, mwenye duka akamwambia kwa Kiswahili safi, "Sema tu, mwanangu, mimi nimezaliwa Pemba."

Bibi Chen alikuwa ameacha finjani imejaa. Lakini akamtazama yule mzee mwenye ndevu nyeupe, amesimama, mkono umenyooka, hakai. Akamwonea huruma. Akanywa ili mzee apumzike. Mzee akaona finjani tupu, haikutikiswa. Akamimina. Tk, tk.

Safia alipofika msikitini alifumba macho kabisa. "Vua viatu. Zulia moja, mama, moja tu, limetanda ukumbi mzima, na unalikanyaga kwa woga kama unakanyaga bustani ya mtu. Juu taa imening'inia kama mvua iliyoambiwa isimame."

Tk, tk. Tk, tk.

Akapanga maboksi ya simu ya buluu na dhahabu kuwa kasri la Sultani, na chupa mbili za chai huku na huku kuwa ngome za Jalali na Mirani. "Na hapa, mama..."

Bibi Chen akainuka ghafla, akatoka mbio, mlango ukabamizwa.

Safia akajiinamia juu ya kasri. "Nimekwisha, ami. Hajauona."

"Mwanamke yule?" ami Nassor akasema. "Kaipenda kahawa yangu, sijapata kuona! Kila nikimmiminia anagonga meza, anataka nyingine. Mkono ushakufa ganzi."

"Anagonga?" Safia akainua uso. "Kwa vidole viwili?"

Mlango ukafunguka. Bibi Chen alikuwa anahema, macho yametoka kama aliyetazama jua. "Binti, wazee wangu wana presha. Huko Maskati wataimaliza safari chooni! Huyu baba kwa nini hakai?"

Safia angeweza kuomba radhi na kuitwika lawama kahawa. Badala yake akamwekea finjani tupu mkononi. "Mama, hiki ndicho kituo cha kwanza, nami nilikiruka. Kabla ya msikiti, kabla ya ngome. Tikisa."

Bibi Chen akatikisa. Ami Nassor, kama aliyefunguliwa kamba, akaipokea finjani, akaweka dele chini na kukaa juu ya boksi la ndala, akishusha pumzi.

Bibi Chen akatazama mkono wake, akamtazama mzee, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe ulikuwa unaningoja mimi! Nami nilikuwa nakunywa kwa ajili yako!" Safia alipomfasiria, ami Nassor akacheka naye, akagonga boksi kwa vidole viwili.

"Wengine walinionyesha picha," Bibi Chen akasema. "Hakuna aliyenifundisha kuingia nyumbani kwa mtu. Kesho njoo ofisini tuanze makaratasi ya viza yako. Ila..." akavuta kiti mbele, magoti yanamcheza kwa kahawa, "tangu sokoni sikusikia neno, nilikuwa nawaza mkono wa mzee tu. Anza upya."

Safia akayapanga majabali vizuri, akamrudisha uwanja wa ndege.