Gundi Isiyoshika

Jumatatu asubuhi seremala alifungua karakana yake akakuta viti sita alivyounga juma lililopita vimeachana. Hakuna kilichovunjika. Miguu ilikuwa imelala sakafuni, na gundi ingali mbichi kama ilivyotoka koponi. Aliipangusa akarudi nyumbani kula.

Nyumbani hali ilikuwa ile ile. Mayai yalikuwa yamechemka nusu saa na bado yalikuwa maji. Maziwa ya mgando yalikuwa na siku nne, mepesi kama yamekamuliwa sasa hivi. Mkewe aliyamimina mayai kwenye kikombe, akampa anywe.

"Ni vile vidonge vyako, Baba Pacha," alisema. "Nenda wakupime."

Seremala alikuwa na miaka mitatu akivimeza, tangu awekewe vali ya chuma moyoni. Daktari alimweleza bila kumficha: damu ikipita kwenye chuma hutaka kuganda, na bonge likichomoka likapanda kichwani, mkono na ulimi hupooza. Vidonge huzuia hilo. Lakini vikizidi nguvu, damu haigandi kabisa na jeraha dogo tu laweza kumaliza mtu, ndiyo maana damu hupimwa kila mwezi. Seremala hakuwahi kuruka hata siku moja. Ila tangu mgongo umkamate, alikuwa akimeza pia dawa za maumivu za dukani, zinazoongeza nguvu ya vile vidonge, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kliniki, mashine ya kupimia haikuwa na vitendanishi, zile kemikali za kupimia damu, tangu miezi mitano iliyopita. Nesi alikuwa na utaratibu wake. Kadi ikibaki wazi wakubwa huja juu, kwa hiyo alinakili namba ya kipimo ya mwezi uliopita, kwa mwandiko mzuri.

"Habari za tangu siku zile, mzee wangu?"

"Gundi haishiki, sista. Na mayai pia."

Nesi aliitikia kwa kichwa. "Yule fundi mwashi naye alilalamika hivyo hivyo. Saruji yake iligoma kukauka."

"Anaendeleaje?"

Nesi aliitazama foleni. "Kadi yake tumeifunga."

Akaandika tatu kamili. Wino haukukauka. Ile tatu ikateleza taratibu hadi ukingoni mwa kadi, ikadondoka mezani. Nesi akaipangusa kwa pamba, akaandika nyingine.

"Sasa nipunguze vidonge?" seremala aliuliza.

"Thubutu! Ukipunguza kwa kubahatisha, utapooza."

"Basi niendelee?"

"Si nimeandika? Kadi ishike bapa, namba isimwagike. Tuonane mwezi ujao."

Alitembea hadi nyumbani akiibeba kadi kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba supu. Mkewe aliisoma, akaiweka juu ya kabati mahali palipo sawa.

Viti vilitakiwa Ijumaa. Kwa kuwa gundi haikushika, ilibidi kila kiungo kichongwe upya, kirefu na cha kubana, kazi ya patasi tangu asubuhi hadi jioni. Seremala alinoa patasi mpaka ikanyoa vinyweleo vya mkono wake. Mkewe alikusanya taulo zote za nyumba, hata zile za wageni, akazikunja vizuri. Kisha akaleta kigoda, akaketi kando ya benchi, taulo zikiwa mapajani, akamwambia aanze.