Sauti Nyuma ya Salamu

Jumanne tarehe kumi na nne Januari 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, Lomunokol aliondolewa kwenye kikundi. Alikuwa amekaa nje ya nyumba yake Lodwar, mgongo kwenye mabati kabla hayajashika moto, na simu ikamsomea kwa ile sauti yake isiyomjali mtu: "Gai amekuondoa." Akadhani imekosea. Akarudisha kidole, akagusa tena. Gai amekuondoa.

Kikundi kiliitwa Sikio Moja. Kilikuwa cha watu wasioona wa Lodwar na Kakuma, arobaini na wawili kwa jumla, kila mmoja na simu inayomsomea chochote kilichoandikwa kwenye kioo. Simu zilitolewa na mradi, kwa asiyeona kabisa peke yake, na bando la intaneti pia. Gai, kijana wa Sudan Kusini anayeishi Kalobeyei, makazi ya wakimbizi jirani na Kakuma, naye haoni, ndiye aliyekuwa admini.

Lomunokol akaanza kujikagua kama mtu aliyepotelewa na mbuzi na hajui walipishana naye wapi. Kikundi kilikuwa na masharti yake. Picha haitumwi bila maneno ya kuieleza, maana simu ikiikuta inasema "picha" na kunyamaza, kama mtu aliyeudhiwa. Ujumbe mrefu uwekwe nukta, la sivyo simu inausoma kwa pumzi moja mpaka msikilizaji ndiye akose hewa. Na vile vikatuni vya nyuso na mikono, kimoja kinatosha. Hilo la vikatuni alilijua kwa aibu. Mama wa Gatjang, mwenzao wa kikundi, alipofariki, Lomunokol alibonyeza mikono ya kuomba mara ishirini na tano, kwa uchungu wa kweli, na simu za watu zikatangaza: mikono iliyounganishwa, mikono iliyounganishwa, mikono iliyounganishwa, mpaka mfiwa mwenyewe akaandika, "Mzee, nimeshapoa. Sasa shusha mikono." Watu walicheka na msiba bado mbichi.

Lakini hayo aliyaombea radhi, yakaisha. Leo alikuwa ametuma nini? Salamu tu, ya Kiturkana na Kiswahili, tena ya sauti, haikufika dakika. Ejok, mmeamkaje, huku Lodwar joto, Mungu awalinde. Mtu anafukuzwa kwa salamu?

Akampigia Gai. Hakupokea. Akampigia Arek, binti aliyemfundisha simu, nayo imezimwa. Akakumbuka kuna ujumbe wa Arek ulioingia asubuhi akiwa katikati ya salamu zake, akauacha ausikilize baadaye. Akaufungua. Simu ikasema: "Ujumbe huu umefutwa."

Akampigia Arek tena, bado imezimwa. Kikundi angeweza kukisusa, kwani angekuwa mtu wa kwanza kususa kitu cha wakubwa? Arek ndiye asingeweza kumkosa. Zamani Abei, mkewe, ndiye aliyekuwa macho yake, tangu trakoma, ule ugonjwa wa macho, imalize kazi ambayo wakubwa waliiacha ifanyike, daktari akiahidiwa kila uchaguzi na haonekani. Kisha Abei akaugua. Gari la wagonjwa halikuwa na mafuta, na wiki hiyohiyo magari ya wakubwa yalikwenda semina matangi yakifurika. Akamzika. Mwaka mzima alikaa bila neno, hadi mradi ulipomletea simu, na Arek, binti asiyeona wa Kalobeyei, akapewa kazi ya kumfundisha kwa kupigiana. Mafunzo yaliisha baada ya wiki tatu. Maongezi hayakuisha.

"Baba, umekula?" aliuliza kila jioni.

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula. Hata mbuzi wako wanakucheka."

Alimzoea hivyo, kwa sauti tu, wala hawajawahi kukutana. Jumanne jioni hakuna aliyemuuliza kama amekula. Jumatano vilevile. Alhamisi akakorofishana na jirani bila sababu. Ijumaa akasafiri mpaka Kakuma, akachukua pikipiki hadi Kalobeyei, kwenye kibanda ambamo Gai anachaji simu za watu kwa sola.

"Nimekuja kusomewa mashtaka," alisema akiwa bado mlangoni. "Hata mwizi wa mbuzi anaambiwa ameiba mbuzi wa nani. Mimi je?"

Gai aliitambua sauti. "Ejok, mzee. Karibu, kaa."

"Sikai. Ofisi ya mradi ndiyo iliyokutuma?"

"Ofisi haikunituma. Kaa, nikusikilizishe kitu."

Gai akapekua simu yake, akabonyeza. Lomunokol akajisikia mwenyewe: Ejok, mmeamkaje, huku Lodwar joto.

"Ndiyo salamu yangu. Kosa liko wapi?"

"Usijisikilize wewe. Sikiliza nyuma yako."

Gai akairudia. Nyuma ya sauti yake, mbio kama mtu anayekimbia mvua, kulikuwa na sauti nyingine. Ilikuwa simu yake mwenyewe. Ujumbe ulipoingia, ilifanya kazi yake ya kila siku, ikausoma kwa sauti, yeye akisalimu bila kuisikia, na kinasa kikaumeza pamoja na salamu: "Arek. Baba, jicho langu la kushoto limeanza kuona. Jana nimeona kivuli cha mtu mlangoni. Usimwambie mtu. Mradi ukijua utaninyang'anya simu."

Lomunokol akakaa.

"Mtu anayeona angesikia mlio wa nzi tu," Gai alisema. "Sisi tumezoea mwendo huo. Kikundi kizima kilisikia neno kwa neno."

"Na hakuna hata mmoja aliyeniambia?"

"Akuambie nini, mzee? Kwetu simu ya mwenzako ikitoa siri, wewe hujasikia. Tukiwa chumba kimoja, mtu anakohoa, mwenye simu anaelewa, anaizima. Kwenye kikundi utakohoa vipi?" Akacheka kidogo, cheko lisilo na raha. "Niliifuta salamu kikundini haraka, nikabaki na nakala hii. Nikakuondoa usije ukatuma nyingine na Arek bado anakuandikia. Halafu nikawa naogopa kupokea simu yako. Nikikueleza, nimekiri kwamba nimesikia. Nisipokueleza, nimekufukuza bure. Mpaka sasa sijui lipi lilikuwa adabu."

"Arek yuko wapi?"

"Alijitoa kwenye kikundi mwenyewe. Jumatano afisa wa mradi akafika kwake na fomu. Aliuliza habari za jicho la kushoto. La kushoto, mzee, hakukosea."

"Afisa anaona. Si umesema anayeona angesikia nzi?"

"Ndiyo. Kuna mwenzetu aliyemtafsiria."

Lomunokol akapiga goti lake kwa kiganja. "Watu gani hawa! Macho yetu yalipokuwa yakioza walikuwa semina. Leo mtoto ameona kivuli, kivuli tu, wanamkimbilia na karatasi! Mtu akipona ni mwizi? Mwenye ofisi hiyo ni nani, nipeleke kwake sasa hivi."

"Hapo niko na wewe," Gai alisema taratibu. "Lakini mzee, kidole kilichobonyeza ni cha nani?"

Lomunokol alitafuta mkubwa wa kumbebesha hilo, akapita kutoka kwa chifu hadi Nairobi na kurudi, hakumpata. "Changu," akasema.

"Majirani wanasema amehamia kwa shangazi yake, Kakuma. Upande gani, hawajui. Wala sijui kama afisa alimwachia simu." Gai akasita. "Nikurudishe kwenye kikundi?"

"Ngoja."

Akaitoa simu, akaipunguza sauti mpaka ikawa ya sikio lake peke yake. Kunena hakutaka tena. Akaandika herufi kwa herufi, akipotea na kurudi: "Arek. Ni baba. Simu yangu ilikusema, na mimi ndiye niliyeishika. Nisamehe. Nimefurahi kwa jicho lako. Niambie uko wapi, nije." Akaweka nukta zote.

Akatuma. Akagusa ujumbe kujua umefika wapi. "Imetumwa," ilisema simu. Akangoja, akagusa tena. "Imefika." Gai aliacha alichokuwa akifanya. Nje pikipiki ilipita, mtu akaulizia chaji ya simu yake, Gai akamwambia arudi baadaye.

Lomunokol akagusa mara ya tatu.

"Imesomwa."

Wakangoja jibu. Halikuja. Akagusa tena na tena, na simu haikuongeza neno. Imesomwa. Na nani, Arek au afisa?