Mama Aliyefanywa Ua la Studio

Ya jana usiku nakilaumu kiporo cha maharage, ila niliyoyaota ni haya. Nimesimama mbele ya nyumba yenye milango miwili. Mmoja umeandikwa PICHA ZA KWELI, wa pili PICHA ZA KUPANGA. Shida yangu ni moja tu: sina picha hata moja niliyopiga na mama yangu. Ukutani kwake yupo na majirani, yupo na mbuzi, yupo hata na mgombea udiwani aliyeshindwa vibaya. Mimi simo, maana mpiga picha wa zote ni mimi. Majuzi kanisema: "Luhende, wajukuu watauliza kama nilikuzaa au nilikuokota."

"Ingia kwenye kweli," kamera yangu inaniambia, kwa sauti ya mwalimu wa nidhamu. "Masharti: usiguse kitu, usimpange mtu, na anayepigwa asijue kama upo."

Naingia. Mama huyo hapo uani, anapika chapati na jirani yake, Mama Kalunde.

"Shikamoo, mama."

Anapunga mkono hewani. "Mama Kalunde, nzi wa mwaka huu wana adabu. Wanaamkia."

"Mama, ni mimi, Luhende!"

"Huyu naye ana kelele! Ningekuwa na mtoto ningemwambia amfukuze."

Naigeukia kamera. "Umemsikia? Anasema hana mtoto!"

"Si hajui kama upo? Masharti ni masharti. Piga, mwanga mzuri."

Chapati inaanza kuungua. Nanyoosha mkono niigeuze, kamera inanifokea: "Usiingilie! Piga inavyoungua!"

"Kaka, nigeuze basi," chapati inaniomba. "Upande huu nimeiva zamani."

Jamani, nani angevumilia? Nikaigeuza.

Papo hapo natupwa mlango wa pili, nipo studio, mbele ya pazia lililochorwa mlima na ndege. "Karibu mteja," linasema pazia. "Hapa kila kitu cha kuazima." Linanivika koti la studio, lile lile ambalo nusu ya wanaume wa mji wameoa nalo, na kulibana mgongoni kwa vibanio vya nguo ili linikae. Kisha linaniletea mwanamke mwenye miwani na mkufu.

"Huyu nani?"

"Mama wa studio. Hapepesi macho, hapigi chafya. Mji mzima ni watoto wake."

"Na wangu mimi?"

"Wako hawezi kutulia. Tumempa kazi ya ua."

Natazama chombo cha maua mezani. Mama yangu kasimama humo katikati ya maua ya plastiki, mikono imejaa unga, amenuna. "Luhende, utanitoa humu au unangoja nimwagiwe maji?"

"Usitikisike!" pazia linaamrisha. "Hapa ukitikisika unafutika."

Kweli bwana, nimehema tu, vidole vya miguu vimeshafifia. Niliogopa, sitaki uongo. Lakini kukaa pozi na mama wa watu huku wangu yumo kwenye chombo, hapana. Nikamshika kiunoni nikavuta. Miguu ikanifutika mpaka magotini, na mama, badala ya kushukuru, akanikamata kidevu.

"Utapigwaje picha na tongotongo mpaka shavuni?" Akanifuta shavu kwa dole gumba, kwa nguvu zake zote. Kamera, kwa mshtuko, ikajibonyeza yenyewe.

"Imetikisika!" likalia pazia.

"Imepangwa!" ikafoka kamera.

"Mtajijua wenyewe," mama akawajibu.

Nikaamka. Miguu ipo, namshukuru Mungu. Nikajitazama kwenye kioo: shavuni, alama ya dole gumba, nyeupe, ya unga wa ngano. Naishi peke yangu, na chakula changu chote nanunua kwa mama ntilie.

Simu ikaita. Mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenawa uso?"

"Bado."

"Usinawe. Panda basi uje hivyo hivyo. Picha atatupiga Mama Kalunde."