Tezi Kuelekea Baharini

Hakuna mgeni aliyefika kwa Vieno akaondoka bila kuonyeshwa sitaha ya mashua yake. Ya zamani ilikuwa imeoza ikalainika kama uji. Akaing'oa yote na kutandika mpya, ubao kwa ubao, majira mawili ya joto, huku wenzake wa chama cha matanga wakipita na mashua zao na kumpungia mkono kwa huruma ya kinafiki.

Sasa ilikuwa Oktoba, na kreni ilikuwa inazitoa mashua majini kabla ya barafu. Uwanja wa chama pale Kustavi umeinama kuelekea baharini, na desturi ilikuwa moja tu: kila mashua huiangalia bahari, omo mbele, safu imenyooka kama askari wa gwaride. Tatizo ni kwamba matundu ya kutolea maji yako nyuma, kwenye tezi. Ukiinamisha omo, mvua yote inakimbilia mbele ambako hakuna pa kutokea. Inatuama, inaganda, barafu inavimba, mbao zinaachana. Dawa ya wanachama ilikuwa turubai juu na matumaini chini yake.

Vieno alimwambia mwenye kreni aigeuze ya kwake.

Mzee Urho, mwenyekiti wa chama, rafiki wa marehemu baba yake Vieno, ambaye kila mwaka huinyoosha safu kwa kamba kana kwamba anajenga kanisa, alivua kofia akaivaa tena.

"Binti, unaionyesha bahari matako?"

"Bahari imeshaona mengi, mwenyekiti. Mimi nataka maji yatoke."

Aulis, mwenye mashua ya jirani, alisema mashua hiyo sasa imenuna kama mume aliyefukuzwa sauna. Watu wakacheka, Vieno akacheka kuwashinda, ila hakurudi nyuma. Mashua iliposimama alimwaga ndoo ya maji kwenye omo. Maji yakateleza sitaha nzima bila kuuliza njia, yakaanguka kwenye kile kishimo cha nyuma anapokaa mshika usukani, yakashuka kwenye bomba na kutokea chini ya tezi. Urho alisema ameona, na kwamba kuona siyo kukubali. Lakini alikunja kamba yake.

Novemba ikaja dhoruba. Usiku kucha mvua ilipiga, na asubuhi maturubai yalikuwa yananing'inia kwenye misonobari kama nguo za majitu. Redio ikasema jioni itaganda. Wanachama wakakimbilia uwanjani, na Vieno akapanda ngazi yake taratibu, kama anayekwenda kupokea zawadi.

Sitaha ilikuwa safi, hata kidimbwi cha kuogea shomoro hakuna. Akatazama kishimo cha nyuma. Kilikuwa kimejaa kama hori la ng'ombe, majani yanaelea, maji yamebakiza upana wa kidole kuuvuka mlango wa chumbani. Yakiganda humo, barafu ingezisukuma mbao zake mpya na kuzing'oa.

Alichokonoa tundu kwa kijiti. Halikuwa limeziba. Hapo ndipo akaukumbuka mkono wake mwenyewe.

Baba yake alimfundisha tangu utoto kwamba haondoki mtu kwenye mashua bila kufunga koki za chini, bahari isije ikaingia. Basi siku ile, akiwa amevimba kichwa kwa ushindi, alifunga koki ya lile bomba kama wengine wanavyozima taa. Sasa nchi kavu bahari ingeingilia wapi? Alichokifungia ndani kilikuwa ni mvua.

Aulis alikuwa amesimama chini ya tezi, anauliza kulikoni huko juu. Vieno alikimbilia omo. Aliingia kwa kidirisha cha mbele, akatambaa kwa tumbo hadi nyuma, akaishika koki iliyokakamaa kwa baridi, akaizungusha kwa mikono miwili. Maji yakashuka kwa kishindo, moja kwa moja kwenye buti za Aulis.

"Ni majani yaliyoziba?" Aulis aliuliza, akikung'uta mguu.

Jibu la ndiyo lilikuwa pale pale, limeiva.

"Hapana. Nilifunga koki mwenyewe."

"Chama kizima kitajua kabla ya kahawa."

"Waambie vizuri. Na usisahau kuwaambia sitaha ilikuwaje."

Akachukua jeki yake akavuka hadi kwa Urho, aliyekuwa anachota ziwa kwenye omo kwa kikombe, vidole vimekuwa vyekundu. Waliinua omo kidogo kidogo, wakiweka magogo chini, mpaka ziwa lile likakata shauri na kurudi nyuma.

"Koki umefungua?" Vieno aliuliza.

Urho aliingia ndani bila kumtazama. Baada ya muda maji yakasikika yakidondoka chini.

Mpaka saa ya baridi kuingia, jeki ya Vieno ilikuwa imezunguka uwanja mzima. Urho alitoa tamko kwamba mwakani tezi zote zitaelekea baharini, ila zitapangwa kwa kamba, maana yeye bado ndiye mwenyekiti.

Vieno alirudi kwenye mashua yake, akavua buti, akatembea kwa soksi kutoka omo hadi tezi, polepole, upepo ukiwa umeshamaliza kazi yake. Kisha akakaa ukingoni na kuning'iniza miguu, Aulis azione nyayo za soksi. Zilikuwa kavu.