Mikono ya Dastan Kazini

Dastan alizikwa Jumanne. Jumatano, saa mbili kasoro robo asubuhi, mikono yake ilifika karakanani Mafinga, ikachukua randa na kuendelea na mlango alioacha. Mteja mwenye mlango aliisalimia, akaulizia kitasa.

Devota, mjane wake, aliletewa habari akiwa bado kwenye mkeka wa msiba. Alikwenda, akamkuta baba mkwe wake, Mzee Bartholomeo, akiisomea mikono vipimo.

"Baba, iache ikapumzike."

"Ipumzike nini, Mama Yusta? Usharika unangoja mabenchi arobaini. Mkono kama huu Mafinga nzima hakuna."

"Mwenyewe alitaka muziki."

"Muziki! Kwaya aliyoongoza yeye, besi walimaliza wimbo wenzao wako ubeti wa pili."

Kweli walimaliza, Devota alikuwepo. Lakini siku ile Dastan alirudi nyumbani amelowa jasho, anacheka peke yake. Miaka kumi na sita ya milango haikuwahi kumchekesha hivyo.

Mkono wa kushoto uliweka patasi chini, ukavuta droo ya mzee, ukatoa barua. Ilikuwa ya chuo cha muziki, ya mwaka 2009: amekubaliwa, aripoti Septemba. Nyuma yake kulikuwa na vipimo vya madirisha kwa penseli, mwandiko wa mzee.

Devota aliisoma mara mbili.

"Alingoja majibu mwaka mzima, baba."

"Siku hiyo sikuwa na karatasi nyingine."

"Baba!"

"Mtu anafanya anachokiweza. Anachokipenda atakifanya Jumapili."

Jumapili mikono ilikwenda kanisani, ikasimama mbele ya kwaya, ikaongoza. Besi walimaliza mapema.

Siku ya kuanua matanga Devota aliwaomba wazee wa ukoo mikono izikwe na mwenyewe. Wazee waliomba kwanza kuona benchi moja. Wakalipapasa, wakalikalia kwa zamu, wakasema itakuwa hasara.

"Hasara ya nani?" Devota aliuliza. Wakamwambia ale, chakula kinapoa.

Mabenchi yameisha, sasa ni madawati. Kwaya anaiongoza Silvester, anayejua noti zote na hapendi kuja. Kila Jumapili, kabla ya ibada, mzee hufunga karakana kwa kufuli mbili, mikono ikiwa ndani.