Mafuta Kutoka Igowole

Mwenzenu siku hizi pilau sili. Nikisikia tu harufu ya bizari nahama meza, na naomba niwaeleze kwa nini kabla hamjasikia kwa wengine, maana hapa Soweto ya Mbeya kila mtu anaisimulia anavyotaka, na kuna mpuuzi mmoja anasema eti tulipigana.

Hatukupigana. Ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga dada yangu Blessing. Anaolewa Iringa, wakwe walitoka huko na basi dogo zima, wote sare ya kitenge cha njano. Mpishi mkuu alikuwa Bi Shufaa, jirani yetu ukuta kwa ukuta, na hilo kwetu halijadiliwi. Sisi ni Wamoraviani, wao Waislamu, babu yao alikuja na vitambaa kutoka pwani akaishia Mbeya. Tangu nizaliwe, nyumbani kwetu hakijafa kitu chenye damu bila Mzee Matano, mume wa Bi Shufaa, kukichinja. Kuku wa Krismasi, yeye. Ng'ombe wa msiba wa baba, yeye. Mama anasema atapikaje nyama halafu amfungie jirani mlango.

Ramadhani, simu ya Mama ndiyo inaita saa ya daku. Anaamka, anagonga ukuta kwa mwiko mpaka Bi Shufaa agonge kujibu, ndiyo anarudi kulala. Baba alipolazwa walikaa naye wote wawili, Bi Shufaa na mkeka wake upande wa dirisha, Mama na kitabu chake cha nyimbo upande wa mlango, mpaka nesi akauliza huyu mgonjwa ni dini gani. Mama akamjibu, "Zote, mradi apone." Ugomvi wao mimi naukumbuka mmoja tu, na ulihusu kuku aliyekula mchicha.

Sasa siku hiyo Bi Shufaa alikuwa amefunga, yeye na mumewe, zile sita za Shawali. Mama alimsihi asogeze mbele, akakataa, akasema amepika misiba akiwa na mimba ya Amna, kufunga ni nini. Ila hakutaka kuonja hata kwa ncha ya ulimi. Kwa hiyo mimi ndiye nikawa ulimi wake. Nakaa pembeni ya jiko, ananikingia mwiko, naonja, nasema chumvi bado, au nasema imekaa. Kazi tamu kuliko zote kwenye kamati, na sikuiomba.

Supu ilikuwa sawa. Mchele ukaingia, mkaa ukapaliwa juu ya mifuniko, Bi Shufaa akaenda kwake kuswali alasiri. Aliporudi akafunua sufuria la kwanza, akanikingia mwiko.

Pilau ilikuwa tamu. Tamu kupita kiasi. Nilikuwa nimeshaimeza ndipo ulimi ukaniambia kitu.

Hapa mniamini tu. Chuo nimesoma Iringa, na nyuma ya hosteli yetu kulikuwa na banda la kitimoto, nguruwe wa kukaanga, lililonimalizia bumu la mkopo kila muhula. Ile ladha hata unifunge macho naijua.

"Chumvi je?" Bi Shufaa akauliza.

Nikasema ipo sawa, nakuja. Nilidhani labda kuna mtu kachovya kijiko alichokulia vitu vyake. Nikaondoka kutafuta, na yeye akaanza kupakua.

Nyuma ya choo nikamkuta Anti Devota anasuuza ndoo. Anti ni mke wa Mjomba Sifaeli, kaka yake Mama, walikuja jana yake kutoka Igowole na magunia ya viazi na njegere. Ni Mbena, mkarimu mpaka unachoka. Huko Mufindi anafuga nguruwe, na mafuta yake anayayeyusha mwenyewe, meupe, mazito, ukiyaona kwenye ndoo unasema ni yale ya mgando ya dukani. Nikamuuliza ndoo ilikuwa na nini. Akanieleza kwa furaha kabisa kwamba wakati mpishi yuko kwenye sala alifunua, akaona wali umekauka, akaona aibu wakwe wale wali mkavu. Basi akatia upawa kila sufuria. Yote matatu.

Nikamwambia Bi Shufaa ni Mwislamu. Akasema anajua, si kamwona anakwenda kuswali. Ila alidhani yale masufuria ni ya kwetu na wao wana ya kwao, maana Igowole sherehe ikiwa na mchanganyiko kila upande unawasha jiko lake. Akanitazama. Halafu akaelewa. Anti yangu alikaa pale pale kwenye tope la maji ya vyombo, na kitenge kipya, akasema nimwite mjomba wangu haraka.

Mjomba Sifaeli ndiye alikuwa mwenyekiti wa sherehe. Mzee wa kanisa, sauti nzito, mtu ambaye ukimpa kipaza sauti lazima amalizie na upendo na mshikamano. Nikamkuta nyuma ya turubai na Gideoni, mtu wa kamati, wameshajipakulia sahani kabla ya wageni. Anakula kwa mkono, vidole vinang'aa. Nikamwambia yote kwa kunong'ona.

Akaacha kutafuna. Nikajua anafikiria la kufanya. Kumbe kicheko kilikuwa kinajikusanya. Jamani, yule mzee alicheka mpaka machozi, na punje ya wali imemnasa kwenye sharubu inacheza cheza. Akamvuta Gideoni asikie na yeye, na Gideoni akacheka bila sauti, mabega tu.

"Leo Matano anaokoka bila kuhubiriwa," Mjomba akasema.

Nikamwambia twende tukawaambie, bado jua halijazama, hawajala. Akanishika bega kwa mkono ule ule wa kulia, nguo yangu ikabaki na alama ya vidole vinne vya mafuta.

"Bupe, wewe si msomi? Kwao asiyejua hana dhambi, kamuulize sheikh yeyote. Sasa wewe ukiwaambia ndiyo unawapa dhambi. Na wakwe wale nini? Waende Iringa wakaseme kwenu walilishwa maneno? Mwache mama yako acheke leo."

Kinyaa nilichokisikia sijui nikifananishe na nini. Si nguruwe, nguruwe mimi nakula. Ni vile alivyojua dini ya watu vizuri namna ile, na akaitumia kuwalisha.

Lakini la Mama lilinishika. Nikaenda ndani nimwambie, nikamkuta kasimama katikati ya wakwe, lemba limefungwa vizuri, anacheka na mdomo wote. Tangu baba afe sijamwona hivyo. Nikasimama mlangoni kama mti. Mtu akanituma soda, nikaenda kuleta soda. Nilipopita jikoni Bi Shufaa alikuwa anamaliza kupakua kwa sahani kwenye mahotipoti, mafuta yamempanda mpaka kwenye viganja, anajisifia kwamba pilau ya leo inateleza yenyewe.

Watu wakakaa. Jua likawa linashuka nyuma ya milima. Mjomba akashika kipaza sauti.

Akasema hapa Soweto hatujui huyu msikiti, huyu kanisa. Akasema Mungu ni mmoja na sufuria ni moja. Watu wakapiga makofi, wakwe nao. Akasema kwa heshima ya jirani zetu waliofunga, sahani ya kwanza kabisa iende kwao, na Gideoni akatoka na sahani mbili zimejaa mpaka kingo, anatembea huku anajing'ata midomo asicheke. Akaziweka mbele ya Bi Shufaa na Mzee Matano. Bi Shufaa akamshukuru. Tende ilikuwa mkononi tayari, anasubiri adhana.

Hapo ndipo miguu yangu ikaenda yenyewe. Nikafika, nikanyanyua sahani zote mbili.

Amna, mtoto wa Bi Shufaa, tumekua wote, akanicheka. "Bupe, njaa gani hiyo ya kunyang'anya waliofunga?"

Meza za karibu zikacheka.

"Bi Shufaa, usile," nikasema. "Imetiwa mafuta ya nguruwe."

Mjomba akasema kwenye kipaza sauti huyo mtoto anatania, vijana wa chuo wanapenda utani.

"Sitanii. Aliyetia hakujua. Mjomba anajua, nimemwambia kabla hawajakaa."

Bi Shufaa hakupiga kelele. Alitazama mikono yake. Akasimama, ameishika mbali na mwili kama mikono ya mtu mwingine, tende ikaanguka, akatoka kuelekea kwake. Mzee Matano akakusanya kanzu yake akamfuata. Amna akabaki kidogo, ananitazama mimi, siyo Mjomba, mimi.

"Kwani nyie mnatuonaje?" akasema, naye akaondoka.

Mama alikuwa ameshafika mbele. Akamuuliza kaka yake neno moja. "Ulijua?" Mjomba akaanza habari za wakwe. Mama hakusubiri amalize. Akavua viatu vya visigino, akatoka peku, na mimi nyuma yake.

Tukamkuta Bi Shufaa kwenye bomba la uani kwake, anajaribu kulifungua kwa kiwiko asije akalipaka. Mama akalifungua.

"Usiniguse, Mama Blessing."

"Sikugusi. Niambie inavyotakiwa."

Maji yanamwagika tu. Halafu Bi Shufaa akasema, kama anaongea na bomba, "Mara saba. Moja kwa udongo."

Mama alichuchumaa na gauni la kushonewa, la wiki nzima kwa fundi, akachimba udongo kwa kucha chini ya ua lao la michongoma. Kucha zimepakwa rangi asubuhi ile. Akauleta kwenye kiganja, na Bi Shufaa akamkingia mikono. Mama akamsugua kidole kwa kidole, mpaka kwenye viganja na juu yake, halafu maji, halafu tena. Bi Shufaa alikuwa analia, na kile hakikuwa kilio cha kusamehe, msije mkaelewa vibaya. Alikuwa na hasira kali.

"Ningekula," alikuwa anasema. "Ningefungulia. Nilikuwa nimeshika na tende."

Mama hakujitetea. Alisema tu, "Bado hazijafika saba, lete mikono."

Adhana ikalia katikati. Mikono ya Bi Shufaa bado ina matone ya udongo. Mama akamwambia Amna alete tende kutoka ndani, na Amna, kwa uso uliovimba, akaleta. Mama akanawa, akachukua moja, akatoa kokwa, akamtilia rafiki yake mdomoni. Bi Shufaa akaipokea na macho amefumba, midomo inasoma dua. Mimi nilisimama pale na ile alama ya mafuta begani, nikasema amina bila kujua imeisha au bado.

Aliporudi kwenye turubai Mama hakutafuta namna nzuri ya kusema. Aliwaambia wakwe chakula kimeharibika, kimeharibikaje, nani alikosea bila kujua na nani alijua akanyamaza. Akasema chakula ambacho Shufaa hawezi kula, yeye hawezi kumpa mgeni wake. Mjomba akawa anatikisa kichwa kama anayeona wendawazimu. Kila mtu akamtazama baba mkwe, Mhehe mmoja mrefu hasemi sana. Akajikohoza.

"Viazi vipo?"

Vilikuwepo, magunia. Anti Devota ndiye alikuwa wa kwanza kushika kisu, macho mekundu, na ndani ya muda mfupi wakwe wa Iringa wakawa uani wanamenya viazi na sare zao za njano. Baada ya magharibi Bi Shufaa alirudi na sufuria lake kutoka kwake. Hakumsalimia mtu. Akakaa mbele ya mafiga, akaunga njegere, na mwiko hakunikingia mimi. Alishafungulia, akaonja mwenyewe. Anti alimletea vitunguu, akavipokea bila kumwangalia. Lakini alivipokea.

Tulikula viazi na njegere chini ya turubai lililopambwa, Blessing na shela lake kichwani, na niwaambie ukweli vilikuwa vya moto na watu waliomba tena.

Isipokuwa Mjomba Sifaeli. Yeye alisema kutupa chakula ni dhambi. Akajisogezea hotipoti la pilau kwenye meza kuu, peke yake, maana hata Gideoni aliona haya akahamia kwa watu wa kukodisha viti, akala. Alikula taratibu, kwa makusudi, anatazamwa. Mama alipita mbele yake mara kadhaa na hakumwona.

Alipomaliza akanyoosha mikono yake yote miwili mbele, kama wazee wanavyofanya, akaniita nimnawishe. Nikaenda na birika na beseni, maana ndivyo nilivyolelewa, mkubwa akinyoosha mikono unaleta maji. Nikainama. Na Mbeya jioni mnaijua baridi yake. Mafuta yalikuwa yameshamgandia kwenye vidole, meupe, kama nta ya mshumaa, mpaka kwenye pete ya ndoa, na bado alikuwa anatabasamu.

"Mwaga basi, msomi."

Nikaliweka birika mezani, nikamwachia na beseni.

"Nawa mwenyewe, mjomba."